Joho Lililofuliwa

Kitu cha kwanza alichokiona Inspekta Leonilde Seabra kilikuwa tone la maji. Lilidondoka kwenye mawe ya njia, mbele kidogo ya ncha ya kiatu chake, kisha likafuata jingine. Alisimama. Mvua ilikuwa imekatika tangu usiku na mbingu ya Coimbra asubuhi ile haikuwa na hata kipande cha wingu. Akainua macho. Kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza lilining'inia joho jeusi la mwanafunzi, limebanwa kwa vibanio vinne vya mbao, likichuruzika.

"Abílio," alisema, "unaona nini pale juu?"

Konstebo Abílio Fontela alisukuma kofia nyuma. Alikuwa ametembea kupanda mlima huu mzima akihema, tumbo mbele, na hakupenda kuulizwa maswali kabla hajapumzika. "Nguo imeanikwa, Inspekta. Jumapili watu wanafua."

"Tazama vizuri."

Akatazama tena. Safari hii mdomo ulibaki wazi. "Mama yangu wee! Wamefua joho!"

Wote wawili walikuwa wazaliwa wa mji huu wa chuo kikuu cha kale, nchini Ureno. Leonilde alikulia ng'ambo ya mto, na mama yake aliwafulia wanafunzi mashati na mashuka kwa miaka ishirini. Katika miaka hiyo hakuna hata mmoja aliyemletea joho. Joho linapokea divai, jasho, moshi na matope ya miaka mitano, na mwenye nalo anajivunia kila doa. Kulitia maji ni kuifuta miaka yenyewe. Mwanafunzi wa hapa angekubali kunyolewa kipara barabarani kabla ya kukubali hilo.

"Basi kazi imekwisha," alisema Abílio, akipiga makofi mara moja. "Aliyelifua ana doa analoliogopa. Tupande tumchukue."

"Tupande," alisema Leonilde. La kumchukua hakulijibu.

Mfukoni alikuwa na bahasha ya plastiki, na ndani yake nembo ya kitambaa yenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, imeshonwa sura ya bundi, nyuzi zimening'inia pembeni. Jana saa kumi na moja jioni nembo hiyo ilikutwa mkononi mwa Senhor Custódio Vilhena, bawabu wa makumbusho madogo ya mavazi ya kale. Mzee huyo alikuwa amelala chini ya ngazi za kichochoro kilicho nyuma ya makumbusho, kichwa kimepasuka, hajitambui. Mwuza kadi za posta, aliyekuwa juu ya ngazi, alisema alimwona mtu amemwinamia mzee, joho la mwanafunzi limemfunika mpaka kichwani kwa ajili ya mvua. Alipopiga kelele, mtu yule alikimbia, joho likiburura kwenye ngazi nyuma yake. Sura hakuiona.

Bundi alikuwa alama ya nyumba moja tu, Jamhuri ya Bundi, moja ya nyumba kongwe ambamo wanafunzi huishi pamoja, hula pamoja na kujitungia sheria zao. Wakazi wanane. Saba kati yao saa ile walikuwa wakiimba mbele ya kanisa kuu, na watu mia mbili waliwaona. Wa nane hakuwepo. Huyo aliitwa Silvério Pinhal, wa mwaka wa mwisho wa sheria.

Leo saa nane mchana yangeanza maandamano ya wahitimu. Mji mzima ungekuwa mweusi kwa majoho. Mwendesha mashtaka alikwisha piga simu mara mbili akitaka mtu awe ndani kabla ya saa hiyo.

* * *

Walipanda mpaka ghorofa ya kwanza, ambako mlango ulifunguliwa na Dona Piedade, mpishi wa nyumba, mwanamke mnene mwenye mikono yenye unga mpaka kwenye viwiko.

"Kama mmekuja kwa kelele za juzi," alisema kabla hawajasalimia, "walikuwa wamelewa, sikatai, lakini hawakuvunja kitu zaidi ya kiti, na kiti ni chao wenyewe."

"Tumekuja kwa ajili ya joho, Dona Piedade."

Mpishi akajishika mashavu, unga ukabaki usoni. "Mmeliona! Ee Mungu. Nimefika saa moja nikalikuta tayari limeanikwa. Nikajiambia, Piedade, hawa wakiamka leo hapa pana msiba."

"La nani?"

"La Silvério."

Abílio alimtazama bosi wake kwa jicho la nimesema-je.

"Na aliyelifua?"

"Nani mwingine zaidi ya mama yake? Amefika jana asubuhi na basi, kutoka huko milimani kwao. Miaka mitano kijana anamwita, mama njoo uone mji, na kila mwaka mara ng'ombe anazaa, mara paa linavuja. Mwaka huu kwa kuwa anahitimu amekuja, siku mbili tu. Ndiyo mara yake ya kwanza kutia mguu Coimbra. Na leo ndiyo alitakiwa kulichana joho la mwanawe, kama mila ya wahitimu inavyotaka."

"Kabla ya maandamano?"

"Saa saba na nusu, hapo mlangoni, kwa meno, upande wa kushoto kama mama wote. Sasa atachana nini, tambara lenye harufu ya sabuni?" Alishusha sauti. "Lakini utamlaumu vipi, Inspekta? Ni mwanamke mpole, anatoa neno moja kwa saa. Hajui mila zetu. Ameona nguo inanuka, akafua."

Leonilde aliandika *hajui* kwenye daftari, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Vishindo vikasikika kwenye ngazi za ndani. Kijana mrefu, mrefu kweli, aliinamisha kichwa kupita chini ya mwamba wa mlango. Alikuwa na suruali na fulana tu, nywele zimesimama. Alitaka kusema habari za asubuhi, lakini jicho lake lilipita juu ya bega la Abílio likaingia roshanini.

"Nani?" alisema. Kisha akapiga ukelele: "Nani ameniulia joho langu?"

Akawapita polisi wote wawili kama viti. Alilikamata joho kwa mikono miwili, akalibana puani, akavuta pumzi. "Sabuni," alisema. "Linanuka sabuni!" Akakaa chini kwenye sakafu ya roshani, maji yakimdondokea kichwani. "Ile divai ya usiku wa kwanza ilikuwa hapa. Moshi wa sigara za rafiki yetu Baltar, Mungu amrehemu, ulikuwa hapa. Miaka mitano, jamani. Miaka mitano imekwenda na maji ya mtaro."

"Mwigizaji mzuri," Abílio alinong'ona.

"Labda." Leonilde alikuwa akitazama mikono ya kijana tangu mwanzo. Mtu mwenye doa la kuficha, akikuta nguo imefuliwa, hutafuta mahali pa doa kuona kama limetoka. Silvério alinusa pindo, akanusa kola. Ndani, kwenye bitana, hakugeuza hata mara moja.

"Lilikuwa linanuka, mwanangu," ilisema sauti ndogo nyuma yao.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Mwanamke mfupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, mikono imekunjwa juu ya aproni. Hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoitoa. Kijana alimtazama kutoka sakafuni, hasira ikamtoka taratibu, ikabaki huzuni tu.

"Si kitu, mama," alisema. "Hukujua."

* * *

Walikaa kwenye meza ndefu ya chakula, iliyochongwa majina ya wakazi wa miaka mia. Dona Ermelinda, mama yake Silvério, alibaki jikoni akimenya viazi, mlango wazi.

"Jana ulishinda wapi?" aliuliza Leonilde.

"Nilimtembeza mama. Mnara, maktaba ya kale, kanisa la chuo. Halafu makumbusho ya mavazi."

"Kwa Senhor Custódio."

"Ndiyo. Alitukatia tiketi." Silvério alikunja uso. "Nimesikia alianguka. Vipi hali yake?"

"Mlizungumza naye?"

"Kidogo. Alimwambia mama kwamba anafanana na mtu fulani. Mama hakumjibu. Yeye hazungumzi na watu asiowajua."

Jikoni kisu kilikuwa kikimenya. Leonilde alikisikia kikisimama, kisha kikaendelea.

"Saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Duka la keki, chini kwenye njia kubwa. Nilitaka kumnunulia mama zile keki za mayai za mapishi ya watawa."

"Mama ulikuwa naye?"

"Alikuwa amechoka. Nilimwacha kwenye baraza ya makumbusho, mvua ilikuwa inanyesha."

"Na joho?"

Silvério alifungua mdomo. Macho yake yakaenda mlangoni mwa jikoni, yakarudi. Ilikuwa nusu ya pumzi tu.

"Nilikuwa nalo mimi," alisema.

"Una hakika?"

"Ni joho langu, Inspekta. Nani mwingine alivae?"

Leonilde alimwashiria Abílio, naye akatoka na simu yake. Yeye mwenyewe alikwenda roshanini, akalitoa joho kwenye vibanio na kulileta mezani. Lilikuwa zito kama mnyama aliyelowa. Aligeuza upande wa ndani. Kwenye bitana zilishonwa nembo kumi na moja kwa mstari: mkoa wa kwao, kitivo, kikundi cha waimbaji. Baada ya ile ya tano kulikuwa na nafasi tupu, na kuizunguka nafasi hiyo vipande vya uzi wa njano, kama meno yaliyovunjika.

Alitoa bahasha, akaiweka juu ya nafasi ile. Bundi alijaa pale bila kubaki pengo.

Silvério aliishiwa damu usoni. "Ilikuwepo jana asubuhi," alisema. "Naapa ilikuwepo."

"Ilikuwa mkononi mwa Senhor Custódio."

Abílio aliingia wakati huohuo, akaona, akafungua pingu kiunoni bila kuulizwa. "Haya bwana mwanasheria. Simama. Huko tuendako utakuwa na muda mwingi wa kusoma."

"Acheni!" Dona Piedade alitokea na mwiko. "Huyo? Huyo hata panya hawezi kumpiga fagio! Panya wetu wote wanamfahamu kwa jina!"

"Dona Piedade, rudi kwenye supu yako."

"Supu haijamsukuma mtu ngazini, lakini wewe naweza kukusukuma!"

"Abílio, subiri," alisema Leonilde. "Silvério, livae."

"Limelowa."

"Livae."

Kijana alilitupa mabegani. Maji yakatiririka sakafuni. Leonilde alimwambia apande ngazi za ndani mpaka juu, kisha ashuke akikimbia. Akafanya hivyo, uso umeiva kwa aibu, wenzake wawili waliokwisha amka wakichungulia kutoka chumbani. Pindo la joho lilikata katikati ya muundi wake. Kwenda na kurudi halikugusa hata ngazi moja.

Leonilde alifungua daftari. Aliandika.

"Rudia," alisema. "Ukiwa umelivuta mpaka kichwani."

Kichwani joho lilipanda zaidi. Sasa lilikuwa juu ya goti.

"Mwuza kadi alisema nini, Abílio?"

Konstebo alipekua kumbukumbu yake, akiwa bado ameshika pingu. "Alisema joho lilikuwa likiburura kwenye..." Akamtazama kijana kutoka kichwani mpaka miguuni, akamtazama tena. "Labda alikuwa amechuchumaa."

"Anakimbia ngazi huku amechuchumaa?"

Simu ya Abílio ililia kabla hajajibu. Alisikiliza, akaitikia mara tatu, akakata. Sauti yake ilipungua majigambo. "Mwenye duka la keki. Anasema kijana alifika saa kumi na moja na dakika chache, amelowa kama kuku, ana shati tupu. Alimfokea kwa kutembea wiki hii bila joho. Anamkumbuka kwa sababu hiyo."

"Umenidanganya, Silvério," alisema Leonilde.

"Basi... basi nililiacha nyumbani."

"Huo ni uongo wa pili."

Kijana alivua joho, akalikunja vibaya juu ya meza, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya konstebo. "Andika ni mimi. Nilimsukuma. Twende zetu, yaishe."

"Kwa nini ulimsukuma?"

"Alinitukana."

"Alikutukana nini?"

Alibaki amenyoosha mikono. Jikoni kisu kilikuwa kimesimama kabisa.

"Mfunge," alisema Leonilde, na Dona Piedade akaanza kulia kwa sauti.

Abílio mwenyewe alishangaa. Alimfunga kijana pingu taratibu, akitazama huku na huku kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba ni mzaha.

* * *

"Nionyeshe mahali lilipofuliwa," Leonilde alimwambia mpishi.

Dona Piedade alijifuta pua kwa aproni, akamtangulia kushuka uani. Pale palikuwa na ukuta, kuni zilizopangwa, baiskeli mbili na kabati kuukuu la vyungu. Hakuna bomba. Mpishi alishika kabati kwa pembe, akalivuta, nalo likafunguka lote kama mlango. Nyuma yake, chini ya ngazi za mawe, palikuwa na karo la kufulia, refu na jeusi.

"Lilifichwa na wanafunzi wa zamani," alieleza. "Enzi hizo nyumba jirani walikuwa wakiingia kuiba suruali zilizoanikwa, wakazitundika kwao kama bendera. Vita vya kitoto. Mimi mwenyewe nilifanya kazi hapa miezi mitatu kabla ya kuambiwa kuna karo. Nilikuwa nafulia kwenye ndoo."

"Wanafunzi wa sasa wanalitumia?"

"Hawa? Wanapeleka nguo kwenye mashine. Nusu yao wanadhani hili ni kabati la vyungu."

"Na Dona Ermelinda ulimwonyesha wewe?"

"Mimi nimefika saa moja, joho limeshaanikwa."

"Jana?"

"Jana hakufika uani kabisa. Alifika, akaweka soseji zake mezani, kijana akamvuta kwenda kutembea. Waliporudi jioni alikwenda kulala moja kwa moja. Hata supu hakugusa."

Leonilde aliingiza mkono gizani juu ya karo, akapapasa mawe. Palikuwa na shimo lililochongwa ukutani, pasipoonekana na mtu aliyesimama. Ndani yake kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Bado kilikuwa chororo.

Dona Piedade alikitazama kipande kile. Machozi yake yalikatika. "Hilo shimo hata mimi silijui," alisema.

"Kuna mtu mwingine wa humu aliyeamka kabla ya saa moja?"

"Wiki hii? Kabla ya saa moja hapa hata jogoo hawezi kuamka."

Leonilde alifunga kabati polepole. Akamtazama mpishi naye kwa muda, kwa sababu siku hiyo alimshuku kila aliyekuwa na mikono. Lakini mpishi alikuwa na kimo cha pipa na mdomo usioziba, na mtu wa namna hiyo hawezi kukimbia kichochoro kizima bila kupiga yowe.

Walipoingia ndani Abílio alikuwa kwenye simu tena. "Hospitali," alisema. "Ameamka. Madaktari wanasema atapona, mifupa ya wazee hawa ni chuma. Lakini hajaeleza kitu, ametaja jina moja tu, analirudia. Linda."

"Linda nani?"

"Hawajui. Mke hana, binti hana. Pengine paka."

Leonilde aliingia jikoni akafunga mlango nyuma yake.

* * *

Dona Ermelinda alikuwa amekaa kwenye kigoda, kiazi kimoja mkononi, nusu kimemenywa. Karibu naye, kwenye ubao, zilipangwa soseji alizozileta, nyeusi kwa moshi wa jiko la kwao, na mkate mkubwa wa mahindi ambao hakuna aliyeukata.

Leonilde alivuta kigoda kingine, akakaa sawa naye, magoti karibu yagusane. Aliweka daftari juu ya paja na kalamu juu ya daftari.

"Mama, mimi ni mtoto wa dobi," alisema. "Naomba uniambie ulilifuaje joho lile."

"Kwa maji na sabuni."

"Sabuni uliiweka wapi ulipomaliza?"

Mwanamke alichubua ganda la kiazi kwa kisu.

"Karo uliliona vipi? Mpishi wa nyumba alikaa hapa miezi mitatu hajaliona. Wewe umeamka alfajiri, mgeni, gizani, ukafungua kabati ambalo si kabati, ukaingiza mkono kwenye shimo ambalo halionekani."

Dona Ermelinda aligeuza kiazi mkononi.

"Mtu aliyelijua karo lile amefanya kazi humu," Leonilde aliendelea. Hakupandisha sauti. "Na mtu aliyefanya kazi humu anajua kwamba joho halifuliwi. Kwa hiyo hukulifua kwa kutojua. Ulijua mwanao atalia, ukalifua hivyohivyo. Lilikuwa na nini, mama?"

"Matope," alisema mwanamke, kwa sauti ya chini sana.

"Kwenye pindo?"

"Kwenye pindo."

"Kwa sababu lilikuwa refu kwako. Na kwenye bitana?"

Mwanamke alitazama mlango uliofungwa.

"Mwanao yuko pale nje na pingu. Ameniambia ni yeye. Mwongo mbaya sana, sijui atakuwa wakili wa namna gani, lakini ameniambia ni yeye, na nembo ya joho lake ilikuwa mkononi mwa mzee. Saa hizi mwendesha mashtaka hataki kusikia habari za pindo na karo. Nikimpelekea kijana, atamchukua. Na aliyefungwa kwa kumpasua mzee kichwa hatavaa joho la mahakama maisha yake yote. Hilo unalielewa?"

"Amesema ni yeye?" Kwa mara ya kwanza mwanamke aliinua uso. "Silvério amesema hivyo?"

"Alinyoosha mikono mwenyewe."

"Hakuniuliza," alisema Dona Ermelinda. "Aliporudi na keki akanikuta nimelowa, joho nimelikunja kifuani. Hakuniuliza kitu."

Aliweka kiazi chini. Alipangusa kisu kwa aproni, akakiweka juu ya ubao, mbali na mkono wake. Kisha akaanza kusema, akitazama sakafu.

"Mwanangu alinifunika nalo yeye mwenyewe, kwa ajili ya mvua. Alisema mama, leo wewe ndiye mhitimu. Akaenda. Nikakaa barazani. Yule mtu akatoka ndani. Pale kwenye tiketi nilimjua mara moja, nikavuta kitambaa, lakini alinitazama sana. Akaja akasema, Linda. Linda wa jikoni. Miaka arobaini na miwili hakuna aliyeniita hivyo. Nikaondoka, nikashika kile kichochoro. Akanifuata."

"Alikuwa nani kwako?"

"Alikuwa mwanafunzi humu. Chumba cha juu, kile cha mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na saba, napika na kufua. Siku moja saa yake ikapotea, saa ya mfukoni ya marehemu baba yake. Walikaa kwenye meza ile, wanane, majoho mabegani, wakafanya mahakama yao. Alisimama yeye akasema ni Linda. Wakapiga kura. Saa sita mchana nilikuwa stendi ya basi na mfuko wangu."

"Nyumbani ulisema nini?"

"Nilisema nilikuwa Porto kwa shangazi. Kila mtu kwetu anajua mimi sijawahi kufika Coimbra. Mume wangu alikufa akijua hivyo. Na mtoto, katika vyuo vyote vya nchi hii, akachagua hiki. Ningemwambia nini?"

Leonilde alikuwa akiandika. "Kwenye ngazi."

"Alilishika joho hapa." Aligusa kifua chake, upande wa kushoto. "Akacheka. Akasema, yule kijana ndiye wako? Anasomea sheria, mtoto wa mwizi? Kesho nitakuja kwenye kuchana joho, nimpe hongera. Nikavuta. Sikumsukuma, nilivuta joho la mwanangu. Kikapasuka kitu, akaenda chini kinyumenyume. Nilishuka, nikamweka kichwa juu ya joho, damu ilikuwa nyingi. Nikamwita. Mtu akapiga kelele juu. Nikakimbia." Alilinyooshea daftari kidole. "Hilo la kukimbia, liandike. Nilimwacha mtu chini na mvua inanyesha. Hilo ni kosa langu."

"Nimeliandika."

Leonilde alisimama, akafungua mlango. Silvério alikuwa amesimama hapohapo, hatua moja kutoka kizingiti, mikono imefungwa mbele, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia kila neno. Nyuma yake Dona Piedade alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, jambo ambalo huenda hakuwahi kulifanya.

"Abílio, mfungue," alisema Leonilde. "Mzee akiweza kuzungumza, muulize nani alimshika nani. Dona Ermelinda atakuja nasi kituoni kutoa maelezo kwa hiari yake. Andika hivyo, kwa hiari. Kijana anaweza kumsindikiza."

"Maandamano je?" aliuliza Abílio.

"Sitaki maandamano," alisema Silvério. Alipita akaingia jikoni, akapiga magoti kwenye sakafu mbele ya kigoda, kichwa chake kikawa sawa na cha mama yake.

Mama hakumtazama. Alikuwa akimtazama inspekta, na daftari lake.

Leonilde alikuwa ameshafunika kalamu. Akaifunua tena. Kwa kazi yake halikuwa swali la lazima. Saa ilipotea kabla yeye hajaanza shule, na hakuna hakimu ambaye angeuliza habari zake.

"Kuna jambo moja halijakaa sawa kwenye maelezo," alisema. "Ile saa ya mfukoni. Siku ile mezani uliwaambia nini?"

"Sikusema kitu."

"Walipokuuliza?"

"Hawakuniuliza. Waliulizana wao kwa wao. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani."

"Basi mimi nakuuliza. Uliichukua?"

Dona Ermelinda alisimama. Alifungua fundo la kitambaa chini ya kidevu, akakivua, na nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko walivyodhani. Alipozungumza, sauti haikuwa ile ndogo ya asubuhi. Ilifika mpaka kwenye meza ndefu, wanafunzi waliokuwa kwenye ngazi wakageuka wote.

"Hapana," alisema. "Sikuichukua. Sikuiba kitu katika nyumba hii, hata siku moja."